Bustani Iliyozeeka

Somo letu la leo lahusu jambo tunalolipita kila siku bila kulitazama, nalo ni bustani ya mji iliyozeeka. Sina maana ya shamba la mboga, wala kibanja cha migomba. Nina maana ya kipande cha ardhi ya watu wote, chenye majani na miti, pengine na benchi moja mbili, kilichoachwa wazi ili wakubwa wapumzike na watoto wacheze.

Wewe usomaye haya ukiwa Bukoba mjini, shuka hata ufukweni, upande wa Gymkhana, ukitazamana na kisiwa cha Musira, nawe utanielewa upesi. Jina Gymkhana lilitoka Bara Hindi, likaletwa na Waingereza. Maana yake ni mahali pa michezo. Klabu za namna hiyo zilikuwa za Wazungu, nao wamekwenda zao zamani. Jina limebaki, na upepo wa ziwa, na mtu mmoja mmoja aliyeketi peke yake.

Kwa nini pamekuwa pakimya? Yatupasa tukumbuke kwamba mji huu ulianzia majini. Emin Pasha alijenga kituo cha Wadachi hapa mwaka 1890, na Waingereza walipokuja kukishambulia mwezi Juni 1915, walikuja kwa meli. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi aliyetaka kwenda Mwanza alishuka bandarini. Wapo waliosafiri, na wapo waliosindikiza. Wapo waliobeba mizigo na waliouza ndizi. Penye shughuli kama hizo hapakosi mtu wa kuketi chini ya mti.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Sina haja ya kueleza zaidi, maana nyumba nyingi za huku zina kaburi la siku ile, au hazina hata kaburi. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, nayo baadaye ilisimama kwa miaka kadhaa, ikarudi majini mwaka 2020. Wakati huo huo barabara ilitiwa lami na mabasi yakazidi. Basi stendi ikawa ndiyo lango la mji, na ufuko ukawa uani. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi za mji. Mwaka 2020 maji ya ziwa yakapanda kupita kipimo cha 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena, yakila kando za ufuko.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, hata Japani, maana wenzetu wa huko wana habari inayofanana na yetu, nayo imeandikwa vizuri.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa Japani walimiminika mijini. Mwaka 1956 serikali yao ilitunga sheria ya bustani za miji, na kanuni zake zikaagiza kila bustani ya watoto iwe na vitu vitatu: bembea, mtelezo na shimo la mchanga. Kipimo chake cha kawaida kilikuwa robo ya hekta, nayo ilikusudiwa kwa watoto wa nyumba zilizo ndani ya mita 250 hivi. Mwaka 1962 watu wa kwanza walihamia Senri, mji mpya karibu na Osaka. Na mwaka 1971 wengine walihamia Tama, pembeni ya Tokyo. Wengi wao walikuwa wazazi vijana, karibu wa rika moja. Hebu fikiri maana yake: watoto wa mtaa mzima walizaliwa pamoja, wakacheza pamoja, wakaondoka pamoja kwenda kutafuta kazi. Bembea zikabaki bila wa kuzisukuma. Waliobaki ni wale wazazi, ambao sasa ni wazee; na leo katika Japani nzima, karibu watu 3 katika kila 10 wana umri wa miaka 65 au zaidi.

Kosa halikuwa katika kujenga bustani. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuijengea rika moja, kana kwamba mtoto hatakua. Mwaka 1993 Wajapani waliacha kulazimisha vile vitu vitatu, na jina la bustani ya watoto likageuzwa kuwa bustani ya mtaa. Siku hizi katika nyingi yamewekwa mabomba ya chuma ambayo wazee huyashika wakinyoosha viungo. (Sikatai kwamba bembea yenye kutu chini ya mti mkubwa ina uzuri wake, lakini uzuri huo humfurahisha zaidi mpita njia kuliko mwenyeji.)

Ninyi wa Muleba msiseme kwamba somo hili ni la watu wa mjini. Kwa desturi ya Wahaya kibanja kilikuwa cha ukoo, na rweya, yaani uwanda wa majani ulio nje ya migomba, ulikuwa wa kijiji. Huko zilikatwa nyasi za kuezekea na za kutandika nyumbani. Huko ng'ombe walilishwa, na watoto wachungaji wakacheza hadi jioni. Hapakuwa na benchi, lakini kila mtu alikuwa na sababu ya kufika. Mabati yalipokuja, nyasi hazikutafutwa tena kama zamani. Ng'ombe nao wakapungua. Rweya ikaonekana kuwa ardhi isiyo na kazi, na sehemu nyingi zikapandwa mikaratusi na misonobari ya mtu binafsi. Hakuna aliyegombana siku ile. Ugomvi umekuja baadaye, watoto walipokosa pa kupigia mpira.

Hiyo ndiyo hatari niliyotaka kuionyesha. Mahali pa watu wote pakikosa watu, hutokea mtu akaomba kiwanja. Naye huwa na hoja nzuri: mbona hapatumiki?

Lakini hapatumiki na nani? Nilimkuta ufukweni mzee mmoja, karani mstaafu, nikamwamkia na kumwuliza, "Tata, huku hujisikii mpweke?" Akasema, "Mwanangu, nyumbani nina viti vinane na wote wako Dar es Salaam. Hapa angalau hupita mtu kama wewe akaniamkia." Mtu kama huyo hahesabiwi na yeyote apimaye matumizi ya ardhi.

Wala haihitajiki fedha nyingi sana. Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa, ilichakaa, kisha ikatengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Taa na njia mpya zilisaidia, ndiyo. Lakini jua likichwa watu huvutwa na mishikaki na maji ya miwa. Bukoba ina samaki na senene. Mama mmoja mwenye jiko, na mtu wa kufagia, na benchi yenye egemeo kwa ajili ya mgongo wa mzee, wangetosha kwa kuanzia. Nisingependa tuweke spika za muziki. Mahali pakimya nako ni mahali.

Kazi ya juma hili kwa vikundi vya masomo ni hii. Chagueni eneo moja la wazi, mjini au rweya iliyosalia. Nendeni asubuhi, nendeni saa kumi jioni, nendeni Jumapili. Mwandishi wa kikundi aandike nani yupo, ameketi muda gani, na amefuata nini. Kisha nendeni kwa ofisa wa mipango miji katika halmashauri yenu, au kwa serikali ya kijiji, mkaulize kwa adabu eneo hilo limeandikwa nini katika mchoro. Majibu myalete yameandikwa. Tutayasoma katika somo lijalo.