Ngozi ya Mgonjwa wa Lupasi na Ruhusa za Ramadhani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, mama zetu na dada zetu mliokusanyika nasi hapa Al Sadd, usiku huu tunazungumzia lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake. Alama yake mashuhuri ni upele wenye umbo la kipepeo juu ya pua na mashavu. Katika ngozi zetu nyeusi upele huo huenda ukawa wa zambarau au kahawia iliyokoza, ukadhaniwa chunusi au ukasingiziwa kijicho, na mgonjwa akakimbilia krimu za kujichubua zinazomzidishia madhara.

Jua huamsha maradhi haya, na jua la Doha tunalijua. Mgonjwa na ajifunike, apake mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha 50, na arudie kila baada ya saa mbili awapo nje. Hata kioo cha gari hupitisha sehemu ya miale hiyo. Anayekwenda Umra na atufu usiku.

Je, mafuta hayo hubatilisha saumu? La. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitamka hivyo Jeddah mwaka 1997 kuhusu dawa zipakwazo ngozini. Lakini yakiweka tabaka linalozuia maji, yaondolewe kabla ya udhu, kisha yapakwe tena. Na ambaye maji yanamdhuru vidonda vyake, sharia imempa kupangusa au kutayamamu.

Linalotuhuzunisha ni wale wanaoacha vidonge ili wasikose saumu. Haidroksiklorokwini huweza kupangwa wakati wa futari na daku, kwa ushauri wa daktari. Na kukatiza ghafla vidonge vya steroidi ni hatari kwa uhai. Aya ya 185 ya Suratul Baqara imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku. Ruhusa hiyo ni zawadi ya Mola, wala si aibu. Basi tusimhoji dada anayekunywa maji mchana.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, uzikubali saumu zetu na nyudhuru zetu. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.