Maana ya Miujiza katika Maandiko na katika Imani ya Kanisa

(Mada iliyotolewa katika kusanyiko la Jubilei ya Miaka Mia ya Usharika)



Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, ilijaa magari yaliyopangana kilomita kwa kilomita. Wagonjwa walimfuata mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Babu. Alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mizizi ya mti wa mugariga, iponyayo maradhi sugu, UKIMWI ukiwamo. Kikombe kilitolewa kwa shilingi 500. Wapo waliofia katika foleni kabla ya kukifikia.

Mzee huyo alifariki Julai 2021, na si haki marehemu asiyeweza kujitetea kufanyiwa dhihaka. Wala waliosafiri kutoka Mbeya na Iringa hawastahili kuchekwa. Mfa maji haishi kutapatapa. Utafiti wa kitaifa wa miaka ya 2007 na 2008 ulionyesha kwamba Mkoa wa Iringa, uliokuwa bado pamoja na eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Njombe, ulikuwa na maambukizi ya takribani asilimia 16 ya watu wazima, kuliko mkoa mwingine wowote. Mbeya ilikuwa na asilimia 9 hivi. Bibi waliokuwa wamezika watoto wao walikuwa wakilea wajukuu. Kwa watu hao, habari ya kikombe ilikuwa habari ya uhai na mauti.

Lakini wapo waliokunywa kikombe, kisha wakaacha kumeza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Baadhi yao walirudishwa hospitalini wakiwa taabani, na wengine hawakuwahi kurudi. Swali walilowaachia wachungaji lingali hai katika kila usharika: je, mwamini akiombewa na kutamkiwa kwamba amepona, aendelee kumeza dawa? Na akiendelea, amemkosea Mungu kwa kutokuamini?

1. Muujiza ni ishara

Agano Jipya la Kiyunani latumia maneno matatu. La kwanza ni dunamis, yaani tendo la nguvu. La pili ni teras, jambo la kustaajabisha. La tatu ni semeion, yaani ishara, nalo ndilo Yohana alilolipenda, tangu arusi ya Kana hata mwisho wa Injili yake.

Ishara ni kama kibao cha barabarani. Msafiri atokaye Iringa akifika Makambako huona njia ikigawanyika, moja yaenda Mbeya, nyingine Njombe. Kibao chamwelekeza, naye hushukuru. Lakini hakuna msafiri mwenye akili ashukaye garini akajenga nyumba chini ya kibao. Ndivyo walivyofanya wale waliolishwa mikate katika sura ya sita ya Yohana. Walivuka ziwa kumtafuta Yesu kwa sababu ya kushiba, na Bwana aliwaambia hivyo waziwazi. Mkate waliupokea, yule aliyeonyeshwa na mkate hawakumwona.

Ndiyo maana shetani alipomtaka ajitupe kutoka kinara cha hekalu, Yesu alikataa. Hakuna mgonjwa ambaye angaliponywa kwa tendo lile, wala mwenye njaa ambaye angalishibishwa. Lingalikuwa ajabu tupu, nalo ajabu tupu si ishara ya Ufalme wa Mungu.

2. Muujiza wa kweli hauogopi kupimwa

Katika Luka sura ya 17 wakoma kumi walimlilia Yesu. Hakuwapandisha jukwaani watoe ushuhuda. Aliwatuma waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakatakasika wakiwa njiani. Sheria ya Walawi, sura ya 14, ilimpa kuhani kazi ya kumkagua aliyesema amepona ukoma, ndipo arudi kikamilifu kwa watu wake. Bwana aliyeponya kwa neno lake hakuifuta hatua hiyo.

Vivyo hivyo kipofu wa Yohana sura ya 9 alihojiwa na majirani, kisha na Mafarisayo. Wazazi wake waliitwa, naye mwenyewe akahojiwa tena. Kadiri alivyoulizwa ndivyo ushuhuda wake ulivyozidi kuwa imara. Kazi ya Mungu haiharibiki kwa kuchunguzwa.

Basi, mtu akisema Bwana amemponya, Kanisa limpokee kwa furaha, wala lisimdharau. Kisha lifanye kama Bwana alivyofanya: limtume kwa wenye kazi ya kukagua. Siku hizi wakaguzi wa ugonjwa wako katika kliniki na maabara. Ahubiriye kwamba kupima ni kukosa imani amewawekea watu sharti ambalo Yesu hakuliweka.

3. Sala na dawa havigombani

Mfalme Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilitoka mbinguni, na tini ikatoka shambani. Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, akamwacha Trofimo Mileto hali mgonjwa, naye mwenyewe akabaki na mwiba wake baada ya kuomba mara tatu. Nani atathubutu kusema Paulo hakuwa na imani?

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Martin Luther alibaki mjini akiwahudumia wagonjwa, na katika waraka wake kwa Mchungaji Johann Hess wa Breslau alifundisha kwamba mwenye kukataa dawa kwa kujidai kumtegemea Mungu anamjaribu Mungu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeziumba dawa na kuwapa watu akili ya kuzitumia. Hospitali za Ilembula, Bulongwa, Ilula, Itete na Matema zimesimama juu ya mafundisho hayo. Kanisa halikuzijenga kwa kuishiwa imani. Lilizijenga kwa sababu lilimwamini Muumba.

Je, kusema hivi ni kuupunguza uweza wa Mungu? La hasha. Mungu aweza kuponya pasipo dawa, na Kanisa humwomba hivyo kila siku. Lisiloruhusiwa ni kumwamuru njia ya kupitia, kisha kumtoza mgonjwa gharama ya amri hiyo.

4. Gharama ya ajabu bila upendo

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa walipokanyagana wakiyakimbilia mafuta yaliyoitwa ya upako. Gharama nyingine haionekani hadharani. Ni ile ya mgonjwa aliyetangaziwa kupona, akazidi kudhoofika, kisha akaambiwa kwamba kosa ni la imani yake haba. Huyo huzikwa akiwa amebeba mizigo miwili, ugonjwa na lawama. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu aliikataa lawama hiyo. Mchungaji wa kondoo zake hana ruhusa ya kuirudisha.

5. Ishara katika miaka mia

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika nyanda hizi mwaka 1916, wamisionari wa Berlin, ambao kazi yao huku ilianza mwaka 1891, waliondolewa na majeshi ya Uingereza. Walirudi katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo Waskoti wa misioni ya Livingstonia walisaidia kadiri walivyoweza, lakini mzigo wa kila siku ulikuwa wa walimu na wazee wenyeji. Waliendelea kufundisha, kusali, kuzika na kuwatembelea wagonjwa. Hakuna aliyekusanya umati kuyatazama hayo. Hata hivyo wamisionari waliporudi walilikuta Kanisa. Mwenye kutaka kuona ishara ya Mungu katika Mbeya na Iringa na aanzie hapo.

Hitimisho

Usharika unaoingia karne ya pili una wajibu ulio wazi. Mgonjwa akiita wazee wa kanisa, waende, wamwombee na kumpaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, wala wasione haya kuomba apone kabisa. Kabla ya kuondoka waulize kama dawa zake zipo, na tarehe yake ya kliniki ni lini. Kama hana nauli, sadaka ya usharika imtafutie. Na siku hiyo ikifika, mmoja wa wazee amsindikize.