TIJA: FUNZO LA JANI LA MKONGE
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Neno "tija" hutajwa sana mikutanoni, na mara nyingi husikika kama amri ya kuwataka watu wachoke zaidi. Maana yake ni nyepesi kuliko hivyo. Tija ni uwiano baina ya kinachopatikana na kilichotumika kukipata: ardhi, saa za kazi, maji, mafuta na fedha. Mtu aweza kutoka jasho kutwa nzima na tija yake ikawa ndogo, iwapo matunda ya jasho hilo yamepotea njiani. Mazungumzo haya yanalitazama jambo hilo katika wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, Korogwe na Handeni, ambako mkonge umetoa mafunzo mengi, ya faida na ya hasara.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf. Asili yake ni Yucatán, Mexico, na miche ilipitia Florida, Marekani. Inaelezwa kwamba iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo, nchi ilifikia kuongoza duniani kwa zao hilo, na mwaka 1964 ilizalisha takriban tani 230,000 za singa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000.

Sababu za kushuka huko zilikuwa nyingi. Kamba za nailoni na plastiki ziliangusha bei, na mitambo ilichakaa bila ya kubadilishwa. Ipo pia sababu iliyojificha ndani ya mmea wenyewe. Mkonge hungojewa takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha huendelea kukatwa kwa miaka mingi hadi unapotoa mlingoti na kufa. Kwa hivyo shamba lisilopandwa upya mwaka huu halionyeshi upungufu mwaka huu. Bei inaposhuka, huwa rahisi kuokoa fedha kwa kuacha kupanda. Hesabu za mwaka huo hupendeza, na deni huja kulipwa na wengine miaka kadhaa baadaye. Huko ni kula mtaji na kuuita faida.

Funzo la pili limo ndani ya jani. Katika kilo 100 za majani mabichi hupatikana takriban kilo 4 za singa kavu. Maana yake ni kwamba ili kuuza tani moja, yapaswa kukata, kufunga na kubeba takriban tani 25. Jani likishakatwa halisubiri. Hutakiwa kufika kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata, mapema iwezekanavyo, kwa kuwa likinyauka singa huwa ngumu kutoka na daraja lake hushuka. Tuchukue mfano wa hesabu tu: iwapo visu vya korona ni butu, na badala ya kilo 4 zikapatikana tatu na nusu, basi sehemu moja kwa nane ya mavuno imepotea. Mkataji amefanya kazi ileile, trekta limechoma mafuta yaleyale, na mkulima amepalilia shamba lilelile. Kumhimiza mkulima huyo apanue shamba ni kuzidisha hasara yake. Panapostahili kutengenezwa ni kwenye visu.

Hapo ndipo ilipo hatima ya wakulima wadogo wa Korogwe. Mwaka 1999 ulianza mpango uliojulikana kama SISO, ambao uliwapa wakulima maeneo ya kulima mkonge ndani ya mashamba makubwa, na baadaye wakulima wa Magunga, Mwelya, Magoma, Hale na Ngombezi wakawa na vyama vyao vya msingi vya ushirika. Umiliki wa mmea umemfikia mwananchi, jambo ambalo enzi ya manamba halikuwezekana. Hata hivyo, mkulima hana korona nyumbani kwake. Mashine ikisimama wiki mbili kwa kukosa kipuri, majani yaliyokomaa hubaki shambani na ada ya shule ya watoto hubaki nayo.

Handeni suala ni masafa. Ni wilaya ya mahindi na mifugo, yenye mvua zisizotabirika, ingawa mkonge nao umelimwa Kabuku tangu zamani. Mkulima aliye mbali na korona hulipia usafiri wa tani 25 ili auze moja. Aidha, uchakataji huhitaji maji mengi. Mtandao wa maji wa HTM ulijengwa kuyachukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Kila saa ambayo mama wa Handeni hutumia kutafuta ndoo ya maji ni saa iliyotolewa katika shamba au biashara yake.

Funzo la tatu ni la kinachotupwa. Kilo 96 zinazobaki kwa miaka mingi zilimwagwa kama taka. Huko Hale ulijengwa mtambo wa majaribio, kwa msaada wa UNIDO, wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme, na ikadhihirika kwamba taka ni mali.

Ndugu wananchi, mambo haya si mageni Visiwani. Karafuu mbichi ikilundikwa bila ya kuanikwa huchacha, na kazi yote ya mchumaji aliyepanda mkarafuuni hushuka thamani kwa siku chache. Makonyo nayo, ambayo yangeliweza kutupwa, hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Pemba.

Na kwa watumishi wa Serikali, jalada nalo ni kama jani lililokatwa. Ombi la leseni au la kipuri likikaa mezani mwezi mzima kungojea saini moja, mwombaji hulipa kodi ya duka lisilofunguliwa. Hasara hiyo haiandikwi katika vitabu vya ofisi yoyote, lakini ipo, na mwananchi ndiye anayeibeba.

Kwa hivyo kila idara, kila chama cha ushirika na kila mfanyabiashara hana budi kujiuliza mambo matatu: kazi husimama wapi na kwa muda gani? Kipi hutupwa ambacho kingeliweza kuuzwa? Na je, faida ya mwaka huu imetokana na kazi, au ni miche ambayo haikupandwa? Majibu yaandikwe kwa siku na kwa kilo, na yasomwe mbele ya wanaohusika. Haba na haba hujaza kibaba, iwapo kibaba chenyewe hakivuji.