Ukibonyeza "Ruhusu", Umeruhusu Nini?

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata, katika mkutano wa hadhara



Nimepewa dakika chache kabla ya taarifa ya maji. Nitazitumia kuzungumzia kitu ambacho wengi wetu tumekuja nacho mfukoni.

Miezi hii, alizeti ikiwa bado shambani na akiba imekwisha, ndipo matangazo ya mikopo ya mtandaoni yanapopata wasikilizaji. Mtu hupakua programu, hujaza namba yake ya NIDA, kisha simu humwuliza: je, unaruhusu programu hii ione majina na namba ulizohifadhi? Picha je? Ujumbe je? Mwenye shida hasomi. Hubonyeza "ruhusu" hadi mwisho. Fedha huingia. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe wa kumdai hauishii kwake. Hufika kwa mkwewe, kwa mwalimu wa mwanawe, kwa imamu au kiongozi wa kwaya, ukimtangaza kuwa tapeli.

Watu hao hawakukopa wala hawakuulizwa. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema, "Mimi sina cha kuficha." Huenda wewe huna, lakini namba zilizomo katika simu yako ni za watu waliokuamini.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 za mikopo zilizoendeshwa bila leseni. Kwa hiyo, kabla ya kukopa, hakikisha kwanza kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazitaka kwa kazi gani. Aliyedhalilishwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Basi autunze ujumbe ule, asiufute kwa hasira.

Aliyekwisha kupakua programu ya namna hiyo aingie kwenye mipangilio ya simu, achague programu, kisha ruhusa, azifunge zile asizoziafiki. Asiyeijua njia hiyo amwombe kijana wa nyumbani kwake, si mpita njia. Nisiwadanganye, hata hivyo: namba zilizokwisha kunakiliwa hazirudi kwa kufuta programu.

Jambo la pili ni kidole. Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole. Mnadani, wakala akikwambia "hakijasoma, weka tena", muulize sababu, kwani mara ya pili inaweza kuwa usajili wa laini nyingine, kwa jina lako na kwa matumizi ya mtu usiyemjua. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika ifutwe. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Kuhusu mkopo wenyewe, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yupo hapa leo. Mwoneni kabla hajaondoka.

Nakaribisha maswali mawili au matatu, kisha tumsikilize mwenzetu wa maji.