Chunguni na Tumboni: Bakteria wa Uchachu na Afya ya Mmeng'enyo



Probiotiki, yaani bakteria hai wanaomezwa kwa ajili ya afya, zimeshafika katika maduka ya dawa ya miji yetu, na mtindi unaouzwa kwenye majokofu nao umeanza kunadiwa kwa sifa hiyohiyo. Ahadi ni nyingi: choo kisichosumbua, tumbo lisilojaa gesi, kinga imara, hata ngozi nyororo. Naamini ahadi hizo zinachanganya kazi mbili zinazopaswa kupimwa mbalimbali. Ipo kazi ambayo bakteria wanaifanya ndani ya chakula kabla hakijaliwa, na ipo kazi wanayoifanya ndani ya utumbo baada ya kumezwa. Hii ya pili ni ya kweli, ila ni finyu kuliko inavyotangazwa. Ile ya kwanza haitangazwi na mtu, kwa sababu hakuna anayeweza kuifungia kwenye kopo, lakini kwa mtoto wa Afrika Mashariki aliyeanzishwa uji ndiyo yenye uzito zaidi.

Wazo la kumeza bakteria kwa makusudi lilipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Aliamini kwamba vijidudu vya utumbo mpana huozesha mabaki ya chakula na kuutia mwili sumu inayouzeesha, na kwamba maziwa machachu yanayonywewa na wakulima wa Bulgaria ndiyo siri ya maisha yao marefu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, lakini kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili. Nadharia yake ya maziwa ilipungua nguvu baadaye, ilipobainika kwamba bakteria wa mtindi wa Bulgaria hawafanyi makazi tumboni mwa binadamu. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na FAO na Shirika la Afya Duniani walikutana Córdoba, Argentina, wakaweka masharti yanayofuatwa mpaka leo: vijidudu viwe hai, vitolewe kwa kiasi cha kutosha, na vilete faida ya kiafya kwa anayevipokea. Nawaomba mkazie macho sharti la mwisho. Faida haidhaniwi, inathibitishwa, tena kwa aina mahususi ya bakteria dhidi ya tatizo mahususi. Anayesema tu kwamba bidhaa yake ina laktobasili hajasema lolote la kumsaidia mgonjwa, kwa kuwa ndugu wawili wa spishi moja wanaweza kutofautiana kabisa kwa tabia.

Utumbo ambao bakteria hao wanaingia si nyumba tupu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mtu mzima wa wastani ana bakteria wapatao trilioni 38, karibu wote wakiwa utumbo mpana. Hawa wenyeji wanachachusha nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na katika kazi hiyo wanatoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Kwa wingi wao wanakalia nafasi na kula chakula ambacho mgeni mwenye madhara angekihitaji. Kidonge cha bakteria bilioni kumi kinasikika kama jeshi, lakini mbele ya trilioni 38 ni wageni wachache wanaopita. Uchunguzi wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kwa baadhi ya watu bakteria waliomezwa walishika ukuta wa utumbo kwa muda, na kwa wengine walipita moja kwa moja hadi chooni. Ulionyesha pia jambo la kutufikirisha: baada ya dozi ya antibiotiki, waliopewa mchanganyiko fulani wa probiotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu.

Hata hivyo kazi ya tumboni ipo, na ushahidi wake ulio bora unatokana na kuhara kunakosababishwa na antibiotiki. Dawa hizi huwaua wenyeji pamoja na adui, na nafasi inayobaki wazi huleta vurugu. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2019 yalikusanya majaribio 33 ya watoto zaidi ya 6,000. Kati ya kila watoto 100 waliopewa antibiotiki peke yake walihara 19, na kati ya 100 waliopewa probiotiki pamoja nayo walihara 8. Katika nchi ambazo antibiotiki hununuliwa dukani bila cheti cha daktari, tofauti hiyo si ya kupuuzwa, ingawa dawa ya kwanza ya tatizo hili ni kuacha kumpa mtoto antibiotiki asiyoihitaji. Tukitoka hapo, ardhi inakuwa laini. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa ya Marekani na Kanada yalipima probiotiki kwa watoto waliofikishwa hospitali wakiwa na kuhara na kutapika kwa ghafla, wakilinganishwa na wenzao waliopewa unga usio na dawa. Hapakuwa na tofauti ya maana. Karibu na kwetu, jijini Blantyre, Malawi, watoto 795 wenye utapiamlo mkali walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, nusu yao wakipewa chakula cha tiba kilichotiwa bakteria hai. Kiwango cha kupona hakikubadilika. Kwa hiyo tiba ya mtoto anayehara inabaki ileile: maji ya ORS, zinki, na kuendelea kunyonya na kula.

Sasa tugeukie chungu, na tuitazame togwa inavyotengenezwa. Unga wa mahindi au mtama unasongwa uji mzito, unaachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kisha unatiwa kimea, yaani ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Vimeng'enya vya kimea vinaukata wanga, na baada ya muda si mrefu uji uliokuwa ukisimamisha mwiko unalegea na kunyweka. Wengi huongeza hapo kikombe cha togwa ya jana, wakafunika, wakauacha ulale. Bakteria wa asidi ya laktiki waliomo katika kimea na katika kikombe kile wanakula sukari iliyotokana na wanga na kutoa asidi, mpaka pH inashuka chini ya 4. Katika uchachu huo Salmonella, Shigella na jamaa zao waharishao watoto hawazaliani, na wengi hufa, kwa kuwa asidi ya laktiki hupenya utando wa seli zao na kuuharibu mfumo wao kutoka ndani. Tufikirie mama anayepika mara moja asubuhi kwa sababu kuni au mkaa ni ghali, na uji ule ukalishwa mtoto hadi jioni. Uji mtamu katika joto la mchana ni malisho ya vimelea. Togwa inajilinda yenyewe. Juu ya hilo, kwa sababu kimea kimeulegeza, mama anaweza kuanza na unga mwingi zaidi, na tumbo dogo la mtoto likapata nishati zaidi kwa kikombe kilekile. Katika chungu kimoja kuna kinga dhidi ya vimelea na lishe bora, na hakuna hata moja kati ya hizo inayosubiri bakteria aliye hai afike utumbo mpana.

Watafiti wa Tanzania waliliona hili mapema, nami nasikitika kwamba kazi yao inasomwa kidogo katika vyuo vyetu. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, akiwa na Ulf Svanberg wa Sweden, alichapisha mwaka 1994 matokeo ya miezi tisa katika vijiji viwili: kijiji kilichozoea kuwalisha watoto uji uliochachushwa kilikuwa na matukio machache zaidi ya kuhara kuliko kile kisicho na desturi hiyo. Mwaka 1999 Rose Kingamkono na wenzake walikwenda hatua mbele. Waliwagawa watoto wa chini ya miaka mitano, kundi moja likanywa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13, jingine likanywa uji usiochachushwa. Kwa watoto wa togwa, sampuli zilizokutwa na vimelea vya kuharisha zilishuka kutoka zaidi ya robo hadi chini ya kumi kwa mia.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni la afya ya jamii. Maziwa mabichi yaliyogandishwa yanaweza kubeba bakteria wa brusela, na uchachu wa siku moja au mbili hautoshi kumwua. Sumukuvu iliyomo katika mahindi yaliyoota kuvu haiondoki yote kwa kuchachushwa. Mursik, maziwa machachu ya Wakalenjin, imepimwa na kukutwa na asetaldehidi, kemikali inayotajwa katika uchunguzi wa saratani ya umio. Haya yote ni kweli, na anayeutetea uchachu kwa kuyaficha anauharibia jina. Lakini yanatudai utaratibu ulio bora, hayatudai tuache uchachu. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe mbegu safi. Hilo linafanyika tayari. Nchini Uganda mpango wa Yoba for Life unasambaza pakiti za gramu moja zenye bakteria waliochunguzwa sana, aina ambayo hataza yake imekwisha muda, na pakiti moja inatosha kugandisha hadi lita 100 za maziwa yaliyochemshwa. Mahindi nayo yachaguliwe kabla ya kusagwa. Usalama wa kidonge, kwa upande wake, tusiuchukulie kama jambo lililokwisha: nchini Uholanzi, jaribio lililochapishwa mwaka 2008 kwa wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho lilikuta vifo asilimia 16 kwa waliopewa probiotiki na asilimia 6 kwa wasiopewa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenzangu wa maabara: kama asidi ndiyo inayofanya kazi, uhai wa bakteria una umuhimu gani? Mtindi unajibu sehemu yake. Watu wazima wengi wa ukanda huu wamepungukiwa na laktesi, kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa, na bilauri moja ya maziwa huwajaza gesi. Bakteria wa mtindi wanakuja na kimeng'enya cha aina hiyo ndani ya seli zao. Wakifika utumbo mwembamba, nyongo inawalegeza, kimeng'enya kinaachiliwa, na sukari inakatwa. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda unapoteza sehemu kubwa ya msaada huo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ambayo imekataa madai mengi sana ya probiotiki, iliyakubali haya mwaka 2010. Hapa bakteria anapaswa kuvuka tumbo la asidi akiwa mzima, lakini hahitaji kuweka makazi. Anafanya kazi kwa kufa mahali panapofaa.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Vijiji viwili vinaweza kutofautiana kwa maji, vyoo na kipato, na utafiti wa 1999 ulihesabu vimelea katika sampuli, haukuhesabu siku za kuugua. Aliyewapa watoto togwa aliwapa pia asidi, kimea na bakteria hai kwa pamoja, na hakuna anayejua nani kati yao alistahili sifa. Nakubali kabisa. Ila swali hili lina jibu linaloweza kupatikana humuhumu nchini, bila mashine za bei kubwa. Watoto wagawanywe kwa kura katika makundi matatu: wa kwanza wanywe togwa hai, wa pili wanywe togwa ileile iliyochemshwa upya baada ya kuchacha, asidi ikabaki na bakteria wakafa, wa tatu wanywe uji wa unga uleule uliolegezwa kwa kimea bila kuachwa uchache. Wafuatwe kupitia msimu mzima wa mvua, na kinachohesabiwa kiwe siku za kuhara na kilo walizoongeza.