Mwanafunzi wa Ustawi wa Jamii na Wazee wa Kijiji

(Hotuba ya afisa uhusiano wa polisi kwa wanafunzi wa ustawi wa jamii, Kigali)



Ustawi wa jamii ulianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Taifa, Butare, mwaka 1999, nchi ikiwa ingali na majeraha ya mauaji ya kimbari. Vitabu vingi vilitoka Ulaya na Marekani. Vitabu hivyo vina faida, lakini havikuandikwa kwa ajili ya Rubavu, ambako mama huvuka mpaka alfajiri kwenda kuuza mboga Goma na mwanawe hubaki kwa jirani. Ajuaye kama mtoto huyo amekula ni jirani, wala si jalada la ofisini.

Vijiji vyetu ni 14,837, na kila kimoja kimechagua Inshuti z'Umuryango wawili, mwanamume na mwanamke, marafiki wa familia. Wapo pia abunzi, wapatanishi wetu. Nawaomba walimu wawapeleke wanafunzi wakajifunze kwao kama wanagenzi, si kama wageni wa siku moja wenye dodoso mkononi. Nao wazee waitwe chuoni kufundisha. (Na walipwe nauli, heshima peke yake haipandi basi.)

Hata hivyo, si kila la wazee ni la kufuatwa. Msemo wa "niko zubakwa", yaani ndivyo nyumba zijengwavyo, umewafunga midomo wanawake wengi waliopigwa. Na binti wa miaka 14 akibebeshwa mimba, wapo wanaoketi kikao, wakapokea ng'ombe, shauri likazikwa. Mpakani hali ni mbaya zaidi, kwani kikao hakijaisha mtuhumiwa amekwisha kuvuka. Shauri hilo si la abunzi, ni jinai.

Mwaka 2009, katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, tulifungua kituo cha Isange: daktari, mpelelezi na mshauri nasaha chini ya paa moja, bila malipo. Sasa vipo katika hospitali za wilaya. Jina hilo ni la kwetu, neno la kumkaribisha mtu ajione yu nyumbani. Aliyebakwa afikishwe huko kabla hajaoga, na ndani ya saa 72, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haingoji kikao. Mzee asiye na usafiri na apige 3512, mchana au usiku.