Maji ya Mlandege Hayatoki Mlandege
Mada kwa semina ya kamati za maji za shehia, Mlandege, Unguja



Mama wa Mlandege anayeamka alfajiri kukinga maji husikiliza kwanza mfereji unavyokoroma. Ukitoa upepo mtupu, siku yake imeshaharibika. Mada yangu inaanzia kwenye mfereji huo, ila nitakaa zaidi mashamba, kwa sababu Mlandege haina chanzo chake. Mtaa huu uko ukingoni mwa ile pwani ndogo ya zamani, ambayo kabla ya kufukiwa iliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Kisima kilicho karibu na bahari kiasi hiki hutoa maji ya chumvichumvi. Maji matamu hutoka nje ya mji: chemchemi za Bububu, Mtoni na Mwanyanya, na visima virefu vya Kianga na kwengineko Wilaya za Magharibi.

Wazee wetu walilijua hili mapema. Majahazi na meli za zamani zilikuwa zikijaza mapipa yao Mtoni. Kisha kikaja kipindupindu cha 1869 na 1870, kikaua watu wengi mno mjini, wakati watu wakinywa maji ya visima vilivyopakana na vyoo. Sayyid Barghash alishika utawala mwaka huo wa 1870. Alikuwa amewahi kuishi uhamishoni Bombay, na ndiye aliyejenga njia ya kuleta maji mjini kutoka Chemchem, upande wa Bububu, wananchi wakateka bila malipo. Mpaka leo sisi wa Unguja tunasema mfereji pale ambapo wenzetu wa Bara husema bomba.

Kazi hiyo sasa iko mikononi mwa Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006. Pampu huvuta maji chini ya ardhi na kuyapandisha kwenye matangi makubwa kama yale ya Saateni na Welezo, kisha yakateremka yenyewe majumbani. Kwa maelezo ni rahisi. Ugumu uko chini ya miguu yetu.

Unguja haina mto mkubwa wa kuwekea bwawa. Mvua ya masika na vuli huzama katika jiwe la matumbawe, na yale maji matamu yakaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Kanuni inayojulikana kwa visiwa vya namna hii ni hii: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia mita kama 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Shusheni ile mita moja kwa kuvuta kupita kiasi, na chumvi itapanda kwa mita 40 hizo, ingawa huchukua muda. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha ni kazi ya miaka, pengine kisirudi kabisa. Kwa hiyo kuongeza pampu hakumaanishi kuongeza maji. Naomba neno hili lifike kwa kila anayechimba kisima chake binafsi bila kibali.

Jiwe hilo hilo lina mapango na nyufa, halichuji vizuri. Karo la choo likichimbwa juu ya chanzo, uchafu wake hauna safari ndefu.

Pampu nazo hazendi bila umeme. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme wa kutoka Bara, maji nayo yalikatika, watu wakarudi kwenye visima vya zamani na kubeba madumu. Njia mpya ya umeme ya chini ya bahari ilifika 2013 na imetupa nafuu, lakini vyanzo vikubwa vinahitaji majenereta yanayowaka kweli, yenye mafuta ndani.

Sasa tazameni idadi yetu. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikawakuta 893,169. Laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na wengi wao wamejenga huko huko yanakotoka maji. Mabomba na matangi yanaweza kununuliwa; India ilikubali mwaka 2016 kutukopesha Dola milioni 92 kwa kazi za maji. Ardhi inayomeza mvua hainunuliki.

Juu ya malipo nitasema machache. Tulizoea maji ya bure, na najua inauma. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Pigeni hesabu ya ndoo 50 kwa bei ya mchukuzi wa rikwama, mlinganishe na bili.

Ombi langu ni moja, na nalielekeza kwa masheha wa Magharibi waliokuja kutusikiliza. Mauziano ya viwanja hupitia mbele yenu. Karatasi ya kiwanja kilicho ndani ya eneo la chanzo ikiletwa, msiitie saini. Mlandege nzima inakunywa kutoka hapo.